Gome la Upande wa Macheo

Mvua ilipokata, majirani wote walitoka kwenda kutazama kilichobaki cha mahindi yao. Mai Kwadzanai hakutoka. Alikuwa ameketi sakafuni jikoni, kiganja chake kimelala juu ya mbavu za binti yake Kwadzanai, akisikiliza kwa mkono jinsi pumzi inavyopanda kwa shida na kushuka kwa shida zaidi. Kwadzanai alikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa, mwenye sauti ambayo ikiita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde hata mbwa wanaitika. Sasa hakuweza kumwita mama yake akamaliza. Alisema "Ma" akaishia hapo.

Na huyu mama, jamani, ndiye mganga wa bonde zima. Wenye vichomi, wenye pumu, watoto waliokohoa mpaka wakatapika, wote walipita mlangoni pake, na wengi walirudi kwao wakitembea. Darini kwake kulining'inia kila kitu: zumbani kavu ya mafua, mizizi ya tumbo, mshubiri wa vidonda, na matawi ya mufandichimuka, ule mmea unaoonekana umekufa kabisa mpaka uuloweke ndipo unarudi kuwa kijani. Vyote hivyo alikuwa amevitumia. Alimnywesha zumbani. Alimfukiza mvuke wa mkaratusi chini ya blanketi mpaka wote wawili wakalowa jasho. Alimchomea mufandichimuka karibu na pua, akimbembeleza, mwanangu, amka basi kama mmea huu. Homa haikushuka hata kidogo, na makohozi yalikuwa yanatoka na rangi ya kutu.

Zahanati ilikuwa karibu, lakini nesi alikuwa amebaki na mizani na kalenda ya ukutani. Maji yalikuwa yameingia stoo na kubeba dawa zote. "Mpeleke hospitali kubwa, mama," nesi alimwambia, na machozi yakamlengalenga, maana alijua kama kila mtu kwamba daraja halipo. Mto ulikuwa umelichukua lote, na mwalimu mmoja aliyejaribu kuvuka kwa kamba alikuwa hajaonekana hadi hapo. Kwa hiyo hospitali ilikuwepo, ungeweza hata kuona mabati yake yakimeta upande wa pili, na haikuwa na faida yoyote.

Kilichobaki kilikuwa muranga.

Muranga ni mti wa kifua. Gome lake linawasha kama pilipili. Ukilitafuna ulimi unakufa ganzi, na ukilinywa limechemshwa kifua kinaachia. Zamani, mama yake Mai Kwadzanai alipokuwa hai, ilikuwepo mingi kule mlimani. Kisha wakaja watu wa magunia. Hawa siwezi kuwazungumzia bila kutukana, basi niseme tu kwamba walichuna mti kama mchinjaji anavyochuna mbuzi, kuanzia shingoni hadi miguuni, wakapakia wakaenda kuuza mjini, na mti ukabaki umesimama uchi mpaka ukakauka. Ulisalia mmoja, nyuma ya mwamba, na Mai Kwadzanai alikuwa amewaonyesha watu wachache mno mahali ulipo.

Mti ule ulikuwa na sheria yake. Unachukua vipande viwili tu, kimoja upande wa macheo na kimoja upande wa machweo. Unawatajia wahenga jina la mgonjwa na kumwaga ugoro kidogo shinani. Kisha unaliziba jeraha kwa udongo na samadi. Tangu hapo mti na mgonjwa ni kitu kimoja. Jeraha la mti likifunga, kifua cha mtu kinapona. Mti ukifa, mtu naye anaufuata. Mai Kwadzanai alimwambia hivyo kila mgonjwa wake, kwa ukali, huku amemnyooshea kidole, na hakuna aliyethubutu kwenda kujichunia mwenyewe.

Alimfunika binti yake, akamwomba mke wa jirani amkalie, akachukua kishoka na kupanda mlima. Njia ilikuwa imeporomoka, kwa hiyo alipanda kwa kushika mizizi, akateleza, akainuka, matope yakamjaa hadi kifuani. Njia nzima hakuwaza kitu kingine ila sufuria, maji na gome. Alipozunguka ule mwamba akakuta mtu ameegemea mti, panga mapajani.

Alikuwa Simango, sahwira wa ukoo wao. Sahwira si rafiki wa kuchagua; urafiki huo Simango aliurithi kwa baba yake, naye baba yake kwa baba yake. Ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kula kuku wako bila kukaribishwa. Na siku ukifa, ndiye anayekubeba, anashuka kaburini kukulaza, halafu anasimama mbele ya wafiwa na kuigiza ulivyokuwa ukitembea na kulewa, mpaka watu wanacheka na kamasi zinawatoka. Misimu miwili ya mvua iliyopita Simango mwenyewe alikuwa amelala mahututi, anakohoa kama trekta bovu, na gome la mti huu ndilo lililomwinua.

"Rudi nyumbani, sahwira," alisema kabla hata mwenzake hajafika. "Leo duka limefungwa."

"Simango, toka hapo."

"Hata salamu hakuna! Umelelewa wapi wewe, unamwamkia mtu kwa shoka?"

"Kwadzanai anakufa."

Simango akaacha mzaha. Kisha akainuka taratibu na kusogea pembeni.

"Haya. Njoo ujionee mwenyewe."

Watu wa magunia walikuwa wamefika kabla ya mvua kubwa. Mti ulikuwa umechunwa pande zote, kuanzia mizizini hadi panapoanzia matawi, na dhoruba nayo ilikuwa imepukutisha kila jani. Lilikuwa limesalia gome moja jembamba upande wa macheo, upana wa vidole viwili, likipanda katika ufa kati ya shina na mwamba ambako panga halikuweza kuingia. Simango alikuwa ameupaka mti wote udongo na samadi, kisha akaufungia viroba. Mikono yake ilikuwa na matope hadi viwikoni.

"Nimeukuta hivi," alisema. "Nimeupaka, nimeufunga, nimeuimbia hata nyimbo za kanisani, na kanisani kwenyewe siendi. Mke wangu ananiletea chakula hapa hapa. Ile ndoo pale, nachota maji bondeni nauletea. Sahwira, nimekuwa yaya wa mti."

Mai Kwadzanai hakucheka. Alikuwa anaangalia vile vidole viwili vya gome. Alijua mti unakula kwa gome lake, na kwamba uzi ule mwembamba ndio unaoufanya uwe hai. Hata angeupasua katikati, nusu isingemtosha mgonjwa na nusu isingeutosha mti. Akilikata, mti unakufa, na kwa sheria aliyoifundisha kwa kinywa chake, Kwadzanai atakuwa amenyweshwa kifo chake mwenyewe na mama yake. Asipolikata, Kwadzanai hafiki kesho. Alisimama pale na shoka mkononi, akatamani mwamba ule umwangukie ili asichague.

Mwisho akamwambia Simango, "Sikiliza. Ile sheria ni uongo."

"Sheria ipi?"

"Ya mti na mtu. Mama aliitunga tu ili watu waogope kuchuna. Ni maneno ya kuwatisha wezi. Hutakufa wewe, wala hatakufa mtu."

Aliyasema harakaharaka, kama anayetema kitu kichungu. Simango akatikisa kichwa.

"Mzee Dhliwayo, ule muranga uliomtibu ulipoungua moto, enzi bado ipo mingi, naye akafariki mwezi uleule, nani alisimama pale msibani akasema 'mti umemwita'? Si wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unatudanganya?"

"Hapana."

"Kwa hiyo unanidanganya sasa."

"Sijui!" Mai Kwadzanai akapiga kelele, na sauti ikagonga mwamba. "Sijui, Simango! Naapa kwa kaburi la mama yangu, sijui. Niliambiwa, nikaamini, nikawaambia. Leo unaniuliza kama ni kweli na mtoto wangu anakata roho. Nitajulia wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza mgonjwa wake yeyote kumsikia akitamka neno hilo. Simango akakaa chini juu ya jiwe lenye maji, akaliweka lile panga kando.

"Mimi naogopa kufa," alisema. "Watu wanadhani kwa vile nawachezea maiti, basi mimi na kifo ni ndugu. Wapi! Naogopa kuliko ninyi wote. Tangu nione mti huu umechunwa sijalala. Nikikohoa kidogo tu nakimbilia kuupapasa."

"Najua."

"Hujui kitu. Umeshasema mwenyewe." Akajaribu kutabasamu. "Haya, sasa fikiri hivi. Umeshuka mikono mitupu. Yule mtoto ameondoka. Nani anambeba? Mimi. Nani anashuka shimoni kumpokea? Mimi. Halafu nisimame mbele ya watu niige alivyokuwa akiita mbuzi."

Akafungua kinywa aige. Akajaza hewa kifuani, akaweka viganja mdomoni kama Kwadzanai anavyofanya. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kisha akajifunga mdomo kwa mkono. Mai Kwadzanai akageuza uso.

"Huyu siwezi," Simango alisema. "Nimewaiga wote, hata mama yangu mzazi. Huyu siwezi. Kata."

Mai Kwadzanai akainua kishoka. Akakigusisha kwenye gome. Mkono ukagoma. Akajaribu kujilazimisha, akaita jina la binti yake kwa sauti, na bado mkono ukawa kama si wake. Miaka yote alikuwa ameutumia kuziba majeraha ya mti ule, na sasa haukukubali kuua. Alilia kwa hasira.

"Lete hapa," Simango alisema, akamnyang'anya. "Mganga mzima unashindwa na ganda. Wewe sema maneno yako."

Alibandua udongo aliokuwa ameupaka kwa mikono yake mwenyewe, polepole, kama anayemvua mtoto shati. Mai Kwadzanai akamwaga ugoro, akapiga viganja taratibu kama inavyotakiwa, akawatajia wahenga jina la Kwadzanai.

"Na langu litaje," Simango alidakia. "Wasije wakasema hawakuambiwa."

Akalitaja. Simango akakata juu, akakata chini, akalivuta lile gome likatoka lote kwa mlio wa nguo inayochanika. Harufu ya pilipili ikawajaa puani. Siku ile wote wawili hawakuutazama mti tena.

Kwadzanai alikunywa. Ilibidi mama yake amfumbue kinywa kwa kijiko, na vijiko vya kwanza vilimwagikia shingoni, lakini alikunywa. Jioni alitoka jasho. Asubuhi alikohoa makohozi mengi mno, akapumua, akasema "Mama" neno zima, na Mai Kwadzanai akatoka nje akajitupa chini kwenye matope. Maji yalipopungua, wanaume walimvusha mto juu ya kitanda, Simango akiwa mbele anawatukana wenzake wasimdondoshe. Kule akachomwa sindano na kulazwa mpaka mwezi ulipokaribia kuandama. Aliporudi, mwembamba lakini mzima, hospitali ilisema imemponya yenyewe, Mai Kwadzanai alisema ni mti, na Simango alimwambia kila mtu kilabuni kuwa ni yeye, na kwa hiyo anunuliwe pombe.

Ungedhani hapo mama angepumzika. Thubutu. Ndipo alipoanza kuumwa yeye, ugonjwa ambao hakuna mzizi wake.

Hakumwambia binti yake kitu. Alimwacha aamini kwamba gome lilichukuliwa kwa kufuata sheria, pande mbili, na jeraha likazibwa. Kila alipopata nafasi alipanda mlimani na maji na samadi, akawa anaupaka mti, anaubembeleza, anaugombeza. Baridi ilipita. Miti yote mlimani ikatoa majani yake mapya mekundu. Ule haukutoa hata moja. Siku moja alikwangua tawi kwa ukucha, na chini ya ngozi yake kulikuwa na kahawia kavu. Akakwangua jingine. Akakwangua yote aliyoweza kuyafikia mpaka kucha zikatoka damu.

Alishuka mlima. Njiani alimkuta Simango ameketi juu ya toroli lake, anakohoa. Alikuwa amekohoa tangu baridi ianze, kikohozi kidogo cha mtu anayejaribu kisisikike.

"Ndugu yetu hajambo huko juu?" Simango aliuliza. Yeye mlimani hakuwa akipanda tena.

"Hajambo," Mai Kwadzanai alisema. "Amechipua."

"Amechipua!"

"Majani mawili, madogo. Upande wa macheo."

"Asante, sahwira," Simango alisema, akatazama chini.

Usiku na mchana Mai Kwadzanai alikuwa na ombi moja tu, na aliona aibu hata kuliomba. Alimwomba mama yake aliyekufa awe alikuwa mwongo. Mganga gani huyo anayeomba elimu yake yote iwe bure? Lakini aliomba hivyo, akisuuza vyombo, akipalilia, akimchana nywele Kwadzanai. Binti akikohoa kwa kupaliwa na chai, mama aliacha alichoshika. Mwanamke mmoja alimletea mtoto mwenye kifua, naye Mai Kwadzanai akamwambia ampeleke ng'ambo hospitali mara moja, asisimame hata dakika moja pale, na yule mwanamke akaondoka amekasirika. Hakuwa na cha kumpa, na hata angekuwa nacho asingethubutu.

Basi ikawa mchana mmoja wa jua kali, Mai Kwadzanai anachochea moto wa sadza, ugali wa kwao, uani, Simango akaingia na toroli limejaa kuni. Hakusalimu. Akainua mikono ya toroli na kuzimwaga zote miguuni pake. Kabla hazijatulia, Mai Kwadzanai alikuwa ameshaijua harufu.

"Ni nini hii?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mti wetu. Kwa jinsi ulivyochipua vizuri, nikaona niupogoe kidogo."

Mai Kwadzanai akashika kichwa kwa mikono miwili. Kwadzanai alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani, akasimama.

"Mti gani, Baba Simango?"

Aliwatazama mmoja mmoja, akaziangalia zile kuni zisizo na gome popote, akavuta harufu. Alikuwa binti wa mganga. Hakuhitaji kuelezwa mengi.

"Mama," alisema kwa upole uliomuumiza mama yake kuliko kelele, "ulinipa gome la mti unaokufa?"

"Nilikupa lililokuwepo."

"Na mimi ndiye niliyelikata," Simango alisema. "Sasa nisikilizeni, maana nimechoka kuogopa, kuogopa kunachosha kuliko kulima. Mti ulikufa tangu baridi. Leo nimeuangusha kwa shoka langu, nimeupasua, nimeusukuma mlima mzima mimi mwenyewe. Binti, wewe una ndoo nzima kichwani. Nani amekufa hapa? Nioneshe maiti nimbebe, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Na ukifa kesho?" Mai Kwadzanai aliuliza.

"Basi nitakuwa nimekufa nimeshiba. Pika."

"Siwezi kuichoma hii. Simango, siwezi. Ni kama nawachoma ninyi."

Simango akainama, akachagua vipande viwili vikavu kabisa, akavisukuma chini ya sufuria. Vikashika haraka. Moshi ukapanda, moshi mkali wa pilipili, ukaenea uani kote. Simango akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akapiga magoti, na Mai Kwadzanai akamkimbilia akamshika mabega. Kwadzanai akatua ndoo, maji yakamwagika nusu, naye akakohoa, kikohozi kirefu cha chini kabisa kifuani. Mai Kwadzanai alitaka kupiga kelele, akavuta hewa, na moshi ukamkaba yeye pia. Akakohoa mpaka machozi yakamtiririka, yeye ambaye katika maisha yake hakuwahi kuwa mgonjwa wa mti ule.

Walikohoa wote watatu, wameshikana, na hakuna aliyeweza kujua kikohozi kipi ni cha moshi na kipi ni cha kitu kingine.

Moto ulipokolea moshi ukapungua. Simango akajifuta macho kwa mkono wa shati, akakaa chini, akasema kwamba njaa inamuuma na kwamba nyumba hii siku hizi imekuwa na uvivu. Kwadzanai akacheka kidogo, akaenda kuleta unga. Mai Kwadzanai alichukua mwiko. Akasukuma kipande kingine cha muranga ndani ya moto, akaanza kukoroga.